Sakafu ya Ruwais

Nilizaliwa Jeddah, lakini katika nyumba yetu ya mtaa wa Ruwais hakuna anayeolewa bila vugo, ile ngoma ya wanawake wa Unguja inayopigwa kwa pembe za nyati. Pembe hatuna. Siku ya hina ya mpwa wangu nilipiga kinu cha shaba cha kutwangia iliki, na shangazi yangu akaongoza nyimbo.

Wakwe, Waarabu wa hapa hapa, walikaa kwenye makochi na mikoba yao mapajani. Shangazi akawakaribisha kwa Kiarabu chake: teremkeni mkae kwenye saqf, ndiko kwenye raha. Alidhani amesema sakafu. Kwa Kiarabu saqf ni dari. Wageni wakatazama juu, kwenye feni, kisha wakaangua kicheko.

Shangazi akanyamaza, yeye ambaye kwenye ngoma hanyamazishwi na mtu. Hapo nikapandwa na mori, nikawaeleza kwamba kwa Kiswahili sakafu ni hapa chini.

Mama wa bwana harusi akaniambia huku akijifuta machozi ya kicheko, "Kiswahili chenu, mwanangu, ni Kiarabu kilichovunjika."

Nikaweka mchi chini. "Hakikuvunjika, mama," nikamjibu kwa Kiarabu safi cha Jeddah. "Neno hili nyinyi mmelitundika juu, mnaliangalia tu. Sisi tumeliteremsha, tukalitandikia jamvi, na tunalichezea ngoma."

Mama wa bwana harusi akavua viatu, akamwendea shangazi.

"Hiyo saqf yenu," akamuuliza, "ina nafasi?"

Shangazi akajisogeza, akaanza upya wimbo wake pale pale alipokatishwa.