Kamba Nzima

Jina la Komba alipewa kwa sababu ya miti, si kwa sababu ya pombe. Ilimbidi alieleze hilo kila alipojitambulisha kwa mgeni, maana kila mtu anajua walevi hufananishwa na nani. Yeye hakuwahi kuonja hata tone. Lakini mwonyeshe mti, hata uwe mnyoofu kama mlingoti: angevaa mkanda wake kiunoni, akafunga miiba ya chuma kwenye buti, na kabla hujamaliza kumuuliza kama ataweza, angekujibu kutoka juu.

Walikuwa wawili kazini, ndugu wa tumbo moja. Kaka mtu aliitwa Nanga. Alikuwa mzito, mabega mapana, shingo huioni iko wapi. Yeye hakupanda hata kiti. Kazi yake ilikuwa chini, kwenye kamba.

Watu waliwaita mti ukiinamia paa, ukisukuma ukuta, au ukifa umesimama katikati ya nyumba za watu. Miti ya namna hiyo huwezi kuiangusha kwa mkupuo mmoja. Hushushwa kipande kipande. Komba alipanda, akalifunga tawi kwa kamba, akalikata kwa msumeno wa injini. Chini, Nanga alikuwa ameizungusha kamba hiyo hiyo mara mbili kwenye shina, na alilishusha tawi taratibu kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Kuna siku waliumaliza mti mzima juu ya banda la kuku, na kuku hawakuacha kudonoa.

Magogo yalipakiwa kwenye pikapu mpaka uani kwa Nanga, na huko mwenye amri alikuwa mke wa Nanga. Komba alimwita Shemeji, nasi tumwite hivyo hivyo. Yeye ndiye aliyepima magogo, akayapasua kwa shoka na kabari, akazipanga kuni chini ya bati huku akiacha nafasi za upepo kupita. Aligonganisha vipande viwili, akasikiliza, akajua kama vimekauka. Mteja akileta ubishi alimwambia, "Kuni mbichi inakoroma, baba. Hii inaimba. Chukua."

Tena kamba zote zilikuwa chini yake. Kila Jumamosi alizitandaza uani, akazipitisha mikononi, shubiri kwa shubiri, akitafuta nyuzi zilizolika. Aliyeonekana kukanyaga kamba yake kwa kiatu alijua atakachosikia. Ndugu wale wawili walikuwa wakitania kwamba kamba zinabembelezwa kuliko wao.

Vidole vya Komba vilianza kwa kufa ganzi asubuhi. Halafu, siku za baridi, vikaanza kugeuka vyeupe kama mishumaa, kwanza ncha, kisha mpaka kwenye kiungo cha pili. Mkewe aliona hawezi tena kufunga vifungo vya shati.

"Umekuwa bwana harusi siku hizi?" alimtania. "Kila asubuhi lazima uvalishwe?"

Komba alicheka, akanyoosha kifua avalishwe. Wiki ile ile alikwenda hospitali bila kumwambia mtu. Daktari alimfumbisha macho, akamchoma ncha za vidole kwa sindano.

"Unahisi?"

"Nahisi."

"Sijakuchoma bado," daktari alisema.

Akamuuliza ameishika mashine ile miaka mingapi. Komba akasema kumi na sita. Daktari akamweleza polepole kwamba mtetemo wa msumeno ndio uliomuharibia mishipa ya vidole. Akiacha leo, atabaki na kile alicho nacho. Akiendelea, hata hicho kitakwenda. "Na huko juu ya miti," alimalizia, "mimi nisingekupandisha."

Kwa mkewe, Komba alisema ameambiwa avae glavu. Kwa kaka yake hakusema kitu.

Alijipa sababu. Nanga hawezi kupanda, hivyo Komba akishuka, kazi imekufa, na watoto wa kaka watakula nini? Sababu hiyo ilikuwa ya kweli. Ila ilikuwepo nyingine ambayo hakuitamka hata moyoni. Juu ya mti alikuwa Komba, mtu aliyesimamisha wapita njia. Chini alikuwa mdogo wa Nanga tu.

Basi akajifunza kufunga mafundo kwa macho. Ambacho vidole havikumwambia alikitazama. Akaenda hivyo mwaka mzima na zaidi, na hakuna aliyegundua. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa Komba kifo kilikuja kweli, ila kilikosea mlango.

Siku yenyewe walikuwa kwa mwalimu mmoja mstaafu, mzee aliyeishi peke yake. Mti wake ulikuwa umekauka upande mmoja na kuegemea jiko la nje. Manyunyu yalikuwa yamekatika asubuhi hiyo, magome yanateleza, upepo unauma. Matawi mawili yalishuka vizuri. La tatu lilikuwa nene kama kiuno cha mtu mzima. Komba alivua glavu iliyolowa ili afunge kamba. Vidole vilikuwa vyeupe mpaka kiganjani.

Mzunguko wa mwisho wa fundo ulipaswa kupita nyuma ya tawi, mahali ambapo macho hayafiki. Aliupitisha kwa mkono, na mkono haukumwambia kitu. Akavuta. Alidhani imekaza.

"Umefunga?" Nanga aliita kutoka chini.

"Nimefunga!"

"Umefunga kweli, au umefunga kama unavyofunga suruali?"

"Nimefunga, kaka. Shika!"

Akawasha msumeno, akakata. Tawi likaachia shina, likaning'inia kidogo kama kawaida, kisha fundo likaanza kutambaa, likafunguka. Nanga aliinua uso kwa sababu kamba ilikuwa imekuwa nyepesi ghafla mikononi mwake. Hakuwahi hata kusogeza mguu.

Komba alizima mashine. Ncha ya kamba ilikuwa inabembea mbele ya uso wake, nzima, haina uzi uliokatika. Mwalimu alitoka mbio na kijiko bado mkononi.

"Kuna nini? Kamba imekatika?"

"Imekatika," Komba alijibu kutoka juu.

Neno moja tu, na hakuwa amelipanga. Lilimtoka jinsi mtu aliyekanyagwa anavyosema "aa".

Aliteremka huku miiba ya buti ikikosa magome. Mwalimu alikuwa amepiga magoti kando ya Nanga, ameuweka mkono kifuani pake, anatikisa kichwa. Nasikitika kulisema hili, lakini ndivyo ilivyokuwa: kitu cha kwanza alichokigusa Komba baada ya kufika chini hakikuwa kaka yake. Aliivuta kamba ikaanguka yote, akaikunja, akaitia kwenye gunia la vifaa, akalifunga mdomo. Baada ya hapo ndipo alipopiga magoti, akalia mpaka majirani wakaja kumshika.

Siku ya pili baada ya maziko, Shemeji alimwita kando.

"Ni kamba ile yenye alama nyekundu?"

"Ndiyo."

"Iko wapi?"

"Nimeichoma."

Aliitikia kwa kichwa, kisha akaiangalia mikono yake mwenyewe, kwanza upande wa kiganja, halafu upande wa juu. Komba hakuelewa. Hakujua kwamba Jumamosi iliyotangulia, kwenye kamba hiyo yenye alama nyekundu, Shemeji alikuwa amekuta mahali palipochakaa kidogo na kutoa manyoya, akapasugua kwa kidole gumba, akasema moyoni, "Itafaa kazi moja zaidi."

Mwezi huo huo alizirundika kamba zote zilizobaki uani akazitia moto. Moshi wake ulikuwa mweusi, wa kunata, majirani wakafunga madirisha. Kuni aliendelea kuuza, lakini hakugonganisha tena. Mteja alichagua mwenyewe, na akidanganyika, shauri yake.

Komba aliacha kupanda. Alisema moyo haumruhusu tena, na watu wakamuonea huruma. "Maskini, kaka yake kafa mbele ya macho yake." Walimpa kiti, walimpa pole, walimsogezea sahani. Huruma hiyo ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kila siku alikwenda uani kwa marehemu kupasua kuni, kwa kuwa shoka halihitaji ncha za vidole, linahitaji mabega. Kila asubuhi saa nne Shemeji alimwekea kikombe cha chai juu ya gogo, akarudi ndani.

Ikapita miezi minne. Adhuhuri moja binti mkubwa wa Nanga, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa anafunga matita kando yake.

"Baba mdogo," aliuliza, "kamba ikiwa mbovu, mwenye kosa ni yule aliyeikagua?"

Shoka lilisimama juu. "Nani kakwambia hivyo?"

"Mama. Anasema yeye ndiye aliyemuua baba. Anasema kila siku akiosha vyombo. Anadhani hatumsikii."

Komba aliliweka shoka chini. Alitoka uani bila kuaga, akaenda moja kwa moja mpaka kwake, akaingia chumbani, akavuta gunia kutoka uvunguni mwa kitanda. Mkewe alikuwa anafagia. Alipoiona alama nyekundu ikichungulia, fagio likamtoka.

"Si ulisema umeichoma?"

"Njoo," Komba alimwambia. "Nisiseme mara mbili. Sitaweza."

Shemeji alikuwa amekaa kwenye kisiki cha kupasulia. Komba alimimina kamba miguuni pake. Mama wa watu alivuta miguu nyuma kama aliyeona nyoka.

"Iondoe!"

"Ikague kwanza, Shemeji. Nakuomba. Ikague."

Shemeji akainama, akaishika ncha. Vidole vyake vilianza kwenda, shubiri kwa shubiri, kama Jumamosi za zamani. Alifika pale penye manyoya, akasimama. Akaishika kwa mikono miwili, akaivuta kwa nguvu zake zote, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kamba haikusema hata kidogo. Akaendelea mpaka ncha ya pili.

"Haikukatika," alisema.

"Haikukatika."

"Basi nini kilimuua mume wangu?"

Komba alinyoosha mikono. "Fundo langu. Vidole hivi havihisi, Shemeji. Huu mwaka wa pili. Daktari aliniambia nisipande."

Shemeji aliokota kijiti chenye ncha kwenye mabaki ya kuni. Alikishika kidole cha shahada cha Komba, akamchoma. "Unahisi?"

"Sihisi."

Akazamisha zaidi. Damu ikatoka, ikadondoka kwenye vumbi la mbao. Mke wa Komba akapiga yowe, "Jamani!" Komba hakutikisika. Alikuwa anakitazama kidole kama cha mtu mwingine. Shemeji akakitupa kijiti.

"Kaka yako alijua?"

"Hapana."

"Angejua angekufanya nini?"

"Angenishusha."

"Angekushusha," alisema Shemeji. "Angekutukana wiki nzima, halafu angekulisha mpaka uzeeke." Akaisukuma kamba kando. "Miezi minne nawatazama wanangu kama mtu aliyewaibia. Na wewe unakuja hapa, unakunywa chai yangu."

Shemeji aliinuka kutoka kwenye kisiki.

"Jumamosi uje uwaambie watoto mwenyewe. Kwa mdomo wako. Baada ya hapo usikanyage tena hapa."

Jumamosi alikwenda, akawaambia. Mdogo, wa miaka mitano, aliendelea kuchezea maganda ya mti. Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu sana. Komba alikwenda pia kwa mwalimu mstaafu, na kituo cha polisi, ambako askari aliandika ukurasa mzima, akamwambia ajali ni ajali, aende nyumbani. Nadhani angependa wamfunge.

Mkewe alirudi kwao. Alikaa miezi miwili, kisha siku moja akaonekana mlangoni na mkoba wake, akapita, akakuta shati la mumewe limefungwa kifungo kimoja tu, tena kwenye tundu lisilo lake. Akamfungia vyote. Mpaka leo hawajalizungumza tena jambo lile, na kicheko chake cha zamani hakijarudi.

Shemeji alinunua kamba mpya, akamchukua mpandaji kutoka mtaa wa mbali, kijana mwenye maneno machache. Kabla ya kila kazi humwamuru akunje na kukunjua vidole vyote kumi mbele yake. Kijana hajui kwa nini, naye hajamwambia.

Komba sasa yuko kwenye tanuri la mikate, anachochea moto. Si kazi ya kumfaa. Mara mbili ameungua bila kujua, mpaka mwokaji aliposikia harufu na kupiga kelele. Mkono wa kulia una kovu linalong'aa kutoka kiganjani mpaka kwenye kifundo. Lakini nani mwingine angemwajiri?

Kuni za tanuri hutoka kwa Shemeji. Pikapu huja kila Jumatano asubuhi, naye hukaa mbele na mabinti zake siku za likizo. Hashuki. Husema kupitia dirishani, "Za kazi?" Komba hujibu, "Nzuri." Basi, hapo maongezi yamekwisha, naye huanza kuteremsha mzigo. Binti mkubwa huangalia mbele, barabarani, mpaka wamalize. Mdogo hutoa kichwa nje na kusema, "Shikamoo, baba mdogo," kwa sauti kubwa. Hakuna aliyewahi kumkataza.

"Marahaba," Komba hujibu, na kuchukua mzigo unaofuata.