Dakika Kumi za Nahud

Tirab hakuwa mtu wa kukalika. Mchana alichambua gundi ya mgunga kwenye uwanja wa mnada pale mjini kwetu En Nahud, mara kachuchumaa, mara kasimama, akihamahama na kivuli. Jioni alipanda paa la msikiti wa mtaa wetu kuadhini. Miaka kumi na tisa alifanya kazi hiyo bila ujira, kwa jicho lake na koo lake tu. Na Ramadhani ndipo alipokuwa mtu hasa. Wanaume sabini walitandika mikeka barabarani, sinia mbele, tende mkononi, na hakuna aliyethubutu kuitia kinywani mpaka Tirab apige takbira.

Si kwamba hatukuwa na redio. Redio ya Omdurman, huko mji mkuu, iliadhini magharibi kila siku, na kabla ya adhana mtangazaji alisema maneno yale yale: walio nje ya mji mkuu wazingatie tofauti ya wakati wa mahali walipo. Sasa sisi tuko upande wa machweo, siku mbili kwa lori. Jua likishazama kwao, kwetu bado liko juu ya mashamba ya karanga linatutazama. Miezi ya joto ni dakika kumi. Miezi ya baridi pengo hupanuka mpaka likakaribia ishirini. Tirab hakufundishwa hayo na kitabu. Aliyajua kwa kusimama pale juu mwaka baada ya mwaka.

"Mimi sifuturishi mtu kwa jua la jirani," alikuwa akisema, na kifua mbele.

Aliyekereka na maneno hayo ni Hasabu, fundi cherehani, ambaye nyumba yake iko ubavuni mwa msikiti. Hasabu alikuwa na redio, na saa ya mezani, na hamu kubwa ya lile paa.

"Siku ukiota mtoto wa jicho, Tirab, utatufuturisha adhuhuri!"

"Na siku saa yako ikifa, wewe utatufungisha mpaka Idi!"

Watu walicheka, mambo yakaisha. Mpaka siku ya kumi na saba.

Siku hiyo, baada ya alasiri, ilikuja habubu, ile tufani ya vumbi jekundu inayosimama mbinguni kama ukuta kisha inakuangukia. Mchana ukawa giza. Wanaume hawakukubali kuingia ndani. Walifunika masinia kwa mikeka wakakaa hapo hapo, vilemba usoni. Tirab alikuwa paani. Hakuona machweo, hakuona hata vidole vyake. Saa hakuvaa, maana hakuwahi kuihitaji. Kutwa alikuwa amemeza vumbi la gundi, na koo lilikuwa limemkauka hata mate hayapiti. Akawaza, limezama. Akawaza, wapi, halijazama. Akazunguka paani, akarudi, akazunguka tena. Kisha upepo ukamletea adhana kutoka redio ya mtu huko chini, na kinywa chake kikafunguka chenyewe.

"Allahu Akbar!"

Kwenye takbira ya pili akili ikamrudia. Hiyo ni Omdurman! Dakika kumi, ewe mwana wa watu, dakika kumi! Lakini chini alishasikia mabakuli yakigongana. Angesema nini? Tapikeni? Akaendelea mpaka mwisho, akashuka, akapewa bakuli la hilu-mur, kile kinywaji cha mtama, naye akanywa. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Alikunywa, na kilikuwa kitamu.

Vumbi lilipotulia ilikuwa isha. Hakuna aliyeliona jua likizama, hakuna aliyeuliza. Mungu, Tirab na ule upepo tu ndio waliojua. Hivyo ndivyo alivyodhani.

Kulipokucha, kwenye uwanja wa mnada, alitupa gundi nzuri kwenye lundo la takataka na takataka kwenye gunia la nzuri, mara tatu, mpaka mwenye mali akamwambia aende akalale. Hakwenda kulala. Alirudi nyumbani akazunguka ua, akaufungua mlango, akaufunga, akaufungua.

"Baba Nafisa, una nini wewe?" mkewe Kaltuma akauliza. "Umeingiwa na siafu kwenye kanzu? Kaa chini, unanitia kizunguzungu na njaa hii."

Akamweleza. Kaltuma aliacha kukoroga unga wa uji.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi funga kinywa. Lile vumbi ulilileta wewe? Ukisema, Hasabu atapanda paa lile kesho na saa yake chini ya kwapa, na wewe utabaki kuwa yule mwanamume aliyewavunjia watu sabini swaumu. Mpaka wajukuu zako watatambulishwa hivyo!"

"Nisiposema, siku zao sabini ziko shingoni mwangu. Hawatailipa siku wasiyojua kwamba wanadaiwa."

"Walipie wewe."

"Mtu hamfungii mwenziwe aliye hai na mzima, mke wangu. Unajua hivyo."

Alijua. Akarudi kwenye unga wake, akikoroga kwa hasira.

Basi hapo ndipo Tirab alipokuwa: akinena, anapoteza kitu pekee kilichomfanya atajwe kwa jina mjini, akinyamaza, kila atakapopanda ngazi zile atapanda akiwa mwongo. Alikwenda kwa Faki Idris, maalimu wa msikiti, akamkuta kajilaza kwenye kitanda cha kamba. Akamweleza kwa kusimama, maana kukaa alishindwa.

"Ulijua?" Faki akauliza.

"Nilijua kwenye takbira ya pili."

Faki alikwaruza ndevu, akatazama ukuta. "Siku moja ya kulipa si mlima. Sema."

"Si ungewaambia wewe, maalimu? Wewe wanakuheshimu."

"Sema wewe," Faki akasema, bado anatazama ukuta. "Wewe ndiye mwenye sauti."

Jioni ile anga ilikuwa safi, kana kwamba halikuwahi kupita vumbi. Mikeka ikatandikwa. Tirab akapanda mapema. Jua lilikuwa limebakiza kama upana wa vidole viwili. Alikwenda ukingo huu, akaja ukingo ule. Akatazama chini, akaona nyuso zote zimeinuliwa kwake, midomo imepasuka kwa kiu, haya ikamjaa mpaka masikioni. Akashika ukuta wa ukingo.

"Jamani! Msile bado, sijaadhini. Sikilizeni. Jana niliwafuturisha jua likiwa juu. Nilisikia adhana ya Omdurman nikaifuata kama mpumbavu. Dakika kumi kabla. Nilijua, na nikamaliza, na nikanywa pamoja nanyi. Kila mmoja wenu ana siku moja ya kulipa, na kosa ni langu. Mkitaka mtu mwingine apande hapa, nashuka sasa hivi."

Tirab alingoja kicheko cha Hasabu. Alingoja matusi. Hakuna aliyemtazama, kila mtu alikuwa anaitazama tende yake.

Hasabu ndiye aliyeinuka. "Redio ile ilikuwa yangu," akasema, taratibu. "Nilikuwa nimeiweka dirishani. Nilimsikia yule bwana wa redioni akisema zingatieni tofauti. Nilimsikia vizuri."

"Ulimsikia?" Tirab akauliza kutoka juu.

"Kisha nikakusikia wewe. Nikasema moyoni, Tirab kaona. Lakini nilijua hukuona kitu. Nani angeona? Nilikuwa na kiu, bwana."

"Hata mimi niliisikia," mwingine akasema kutoka mkeka wa mbele.

"Na mimi."

"Redio hiyo nani hakuisikia? Mtaa mzima uliisikia."

Ungetarajia Tirab ashushe pumzi. Loo! Damu ilimpanda kichwani mpaka akaona wekundu. Usiku kucha macho makavu, mchana kutwa hakutulia mahali, mkewe kamgombeza, gundi ya watu kaiharibu, na kumbe watu sabini wote walijua!

"Mlinyamaza!" akapiga kelele. "Sabini! Hakuna hata mmoja mwenye ulimi! Na wewe, Faki? Na wewe?"

Faki Idris aliinamisha kichwa. "Nilikuambia useme," akajibu, kwa sauti ndogo.

"Na nyinyi je? Mlikuwa mnangoja nini?"

"Tulikuwa tunakungoja wewe," Hasabu akasema. "Ungenyamaza, ingekuwa dhambi yako peke yako."

Tirab alisimama pale juu, anahema, hajui ashuke au amrukie mtu. Na wangekaa hivyo mpaka usiku kama si sauti ya Kaltuma kutoka nyuma ya ua, walikoketi wanawake na watoto wenye kiu.

"Nyie wanaume! Jua limezama zamani, na bado mnagombania la jana?"

Tirab akageuka. Kweli, lilikuwa limekwenda. Akaweka mikono masikioni, akaadhini huku machozi ya hasira yakimtiririka, na chini watu wakanywa maji yao bila kutazamana.