Mutunga na Nyama ya Ntheo

Mutunga alikuwa fundi wa mawe aliyemalizia ujana wake kwenye machimbo ya Lukenya, na hakuwa mtu wa kutishika ovyo. Lakini mwaka ule wa 2006 aliogopa nyama ya mbuzi mpaka akakosa usingizi.

Kisa kilianzia Kithimani, mezani kwa wazazi wa Levi, kijana aliyetaka kumwoa binti yake Mueni. Mutunga alikuwa katikati ya kutoa shukrani, sauti imejaa nyumba nzima, meno yake ya bandia ya chini yakamchomoka yakatua kwenye sahani ya wali. Wenyeji kwa adabu zao wakatazama dari. Aliyaokota, akayatia mfukoni, akamalizia shukrani kwa ufizi. Njiani kurudi aliapa kwamba wakwe wale hawatamwona kibogoyo tena maishani.

Mueni alikuwa muuguzi Nairobi, akampeleka kwa daktari wa meno aliyemfahamu. Daktari alimbonyeza ufizi, akatikisa kichwa. Mfupa wa taya la chini ulikuwa umelika sana, ndiyo maana meno hayakuwa na pa kushika. Dawa ilikuwa kutia skrubu mbili ndani ya mfupa wenyewe, kungoja mfupa uzikamate, halafu kuyapachika meno juu yake yasicheze tena.

"Lakini mzee, hii miezi ya kungoja hakuna kutafuna," daktari alimwambia skrubu zilipokwisha kuingia. "Ni uji, supu na ndengu ya kuponda. Hizi zikilegea, huna mfupa ingine ya kuweka zingine. Tumeelewana?"

Walielewana. Mutunga alirudi kwake, nje kidogo ya mji wa Machakos, taya limevimba, akawa mfungwa wa mdomo wake mwenyewe. Mamake alipika muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, naye akaambulia harufu. Kanisani aliimba midomo imefumbwa. Sokoni alisalimiwa akaitikia kwa kichwa, watu wakasema siku hizi Mutunga anaringa. Ulimi nao haukutulia, kutwa kucha ulikwenda kugusagusa chuma kile.

Basi katikati ya uji huo ikaja habari kwamba watu wa Kithimani wanaleta ntheo, mbuzi ambao bila wao, kwa Mkamba, mwanamke hajaolewa hata akizaa timu ya mpira. Mbuzi huchinjwa kwa baba wa msichana, na baba asipoonja nyama, amekataa. Mutunga alikuwa amekwisha kuwaahirishia safari mara mbili, kwanza akisingizia mvua, kisha mgongo. Wathome, mjomba wa Levi na msemaji wao, alikuwa ameanza kuuliza kama huyo baba ana mkwe mwingine mfukoni.

Mueni alipiga simu akilia. "Baba, ukiwarudisha tena hawatakuja. Si uwaambie tu ukweli?"

"Niwaambie niko na mdomo ya mtoto mchanga?"

"Sasa utakula aje?"

Mutunga akakata simu. Akawaambia waje.

Walikuja Jumamosi na mbuzi wao, mabeberu wawili wakongwe, wakachinjwa na kuchomwa. Mutunga alijifanya mpenzi mkubwa wa supu. Alikunywa bakuli baada ya bakuli, akisifu, mpaka Wathome akasimama na kipande cha paja mkononi.

"Baba ya msichana bado hajaonja. Sisi hatukuleta supu, tulileta mbuzi."

Watu walicheka. Mutunga akakipokea, akakitia mdomoni, na hapo maji yakamfika shingoni. Angekitafuna, skrubu zingelegea na meno angeyasikia kwa wenzake tu. Angekitema, angekuwa amewatemea wakwe na kuivunja ndoa ya mwanawe. Alijaribu kukimeza kizima, kikagoma kooni kikarudi, machozi yakamlengalenga. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Mueni alikuwa mlangoni pa jikoni, leso mdomoni, akimtazama. Alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na nyama yake.

Kamanthe, mamake, aliyekuwa ameketi karibu naye kwenye kigoda, akainuka. Alikuwa mwanamke wa miaka themanini na ushee, meno yake yote yangali kinywani, na hakuna aliyethubutu kumwambia aketi. Akakinga kiganja chini ya kidevu cha mwanawe.

"Lete."

"Mama, hapana," Mutunga alinong'ona, shavu limejaa.

"Lete, nimesema!"

Mbele ya wakwe wote, mwanamume mwenye mvi akaachama, nyama ikaanguka kiganjani mwa mamake. Kamanthe akaitia kinywani mwake, akaitafuna polepole, akaisaga ikalainika kabisa, akaitoa kwa vidole na kumlisha.

"Meza, mwana wakwa. Nilikulea hivi hivi."

Mutunga akameza. Vigelegele vikapaa, Levi akarushwa juu na wenzake, na Mueni akawa ameolewa, analia na kucheka kwa pamoja. Mutunga aliinamisha kichwa. Haya ilimchoma masikio, na furaha ya bintiye hakuweza hata kuitazama. Alichotaka ni kuondoka tu, aingie ndani afunge mlango.

Wathome akakohoa. "Huyo ni mbuzi moja. Na ya pili?"

Kamanthe alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye sinia. Mutunga akafumba macho, akafungua mdomo.