Mashine ya Kigombe Niliyoiacha Wazi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya mifumo ya zahanati mjini Tanga, Mkuu wa Kitengo hakunionyesha hata kiti. Alinionyesha apleti, ambayo ninyi vijana hamkuiwahi: programu ndogo iliyotumwa na seva ikaendeshwa ndani ya kivinjari.

"Huyu mgeni," akasema, kidole kwenye apleti. "Sebuleni karibu, kabatini hafiki. Umenielewa?"

Nikasema nimeelewa. Wapi!

Kazi yangu ilikuwa mafaili ya tafsiri. Apleti ilijua Kiingereza tu. Kiswahili kilikaa kwenye faili la pembeni. Mtandao wa vijijini ulisuasua, basi nikajitia ujanja, faili nikaliweka kwenye diski ya kila zahanati. Ofisini lilifunguka vizuri, kwa sababu mashine yangu nilikuwa nimeiondolea ulinzi wote ili isinisumbue.

Asubuhi yake Bi Mwanaidi, muuguzi wa zahanati ya Kigombe, akapiga simu. Kivinjari kiliizuia apleti kusoma diski, lile kabati la Mkuu, kama ilivyopaswa, na karatasi za dawa za watoto zilitoka kwa Kiingereza.

"Mwanangu, kina mama wamejaa hapa. Niwape karatasi wasizoweza kuzisoma? Fanya hima!"

Nikamwelekeza: bofya hapa, bofya pale, ruhusu yote. Kiswahili kikatoka.

Wiki ile nikalihamishia faili kwenye seva, lije pamoja na apleti yenyewe. Lakini ulinzi wa Kigombe sikurudi kuufunga, nilimwogopa Mkuu asijue kuwa ni mimi niliyeufungua. Sasa apleti yoyote, itoke kokote, ingeweza kusoma diski ile yenye siri za wagonjwa. Nikahamishiwa Pangani, kisha Muheza, nikapanda cheo. Kila niliposikia siri za watu zimevuja mahali, nilijiuliza kama ni Kigombe.

Nilipostaafu sikukaa hata wiki. Nikapanda bodaboda hadi Kigombe, nikamkuta Bi Mwanaidi nyumbani kwake, naye kastaafu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Aa, sauti hii naijua!"

Nikamweleza yote. Akacheka hadi kanga ikamdondoka.

"Siku ileile, foleni ilipokwisha, nilichomoa waya wa mtandao. Mtu anasema ruhusu yote, hata hajauliza mna nini ndani! Kiswahili chako nikakinakili kwa mkono, nikakibandika ukutani. Tukaenda hivyo hivyo."

Nikashusha pumzi, kisha hasira zikanipanda. "Miaka yote hii silali vizuri! Mbona hukunipigia?"

Akaiokota kanga yake, akajitanda taratibu.

"Nilikuwa nakungoja wewe upige."