Mpangaji Anayefuga Ukungu

"Hivi dada, huyo mpangaji wako anaozesha matunda makusudi?" jirani alimuuliza mama mwenye nyumba siku moja, naye akacheka tu. Yeye alimjua mpangaji kwa mikono iliyonukia karafuu hata akitoka kuoga, na kwa sauti ya chini, kama ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Kila jioni mpangaji alikoroga uji wa wanga wa muhogo na mafuta ya karafuu, akaumwaga kwenye sinia, ukakauka ukawa utando mwembamba wa kufungia matunda. "Si plastiki hii, mama. Ukiifukia inaoza." "Kwako wewe kipi hakiozi?" mama alimtania.

Lakini machungwa ya biashara ya mama yalipoanza kuota ukungu stoo, utani uliisha. Alikwenda kumfukuza mpangaji, akiamini ukungu umetoka chumbani kwake. Aliposukuma mlango, aliona rafu nzima ya machungwa yaliyovaa manyoya ya kijani, na mpangaji ameinama anayanyunyizia maji, polepole, kama anayemwagilia miche.

"Mungu wangu! Unaufuga?"

"Nisipoufuga, nitajuaje kama dawa yangu inauweza?"

Akachomoa katikati ya uozo ule chungwa moja lililovikwa utando, linang'aa kana kwamba limechumwa asubuhi. "Hili limelala humu tangu mwezi uliopita." Mama akaligeuza, akalinusa, akaligeuza tena. Badala ya kumfukuza, akavuta kigoda akaketi.

"Mama," mpangaji akasema, "ukipata bovu kuliko yote, usilitupe. Niletee."