Ngazi Aliyoiruka Fundi

Fundi aliyenijengea jiko huligonga kila jiwe kwa nyundo, akainama kulisikiliza, kisha hulifuta kwa kiganja kama anayemfuta mtoto uso. Viganja vyake vimekauka kwa saruji, na sauti yake husikika mpaka ng'ambo ya bonde. Wiki ile nilikuwa namhimiza, maana binti yangu Zakia alikuwa anakuja kujifungulia kwangu mtoto wake wa kwanza. Ngazi ya mlangoni aliiweka kwa jiwe bapa aliloliokota kwenye kifusi cha zamani. Nilipoliosha, zikatokea herufi: jina la mtu, na msalaba.

"Hili ni la kaburi! Mwanangu, na mimba yake, amkanyage marehemu?"

"Mama Zakia, kwa hofu hujambo!" akacheka. "Yule mgeni Mswidi wa pale misheni ameniambia kwao mawe ya kale ya kuwakumbuka wafu, yamechongwa nyoka mwenye maandishi mwilini, yalikuja kujengewa makanisa. Mengine ni vizingiti, watu wanapita juu."

Nikamtazama. Akaingia na ndoo, akaliruka. Akatoka, akaliruka tena, na magambuti yake mazito.

"Mbona wewe hulikanyagi?"

Akabaki mguu mmoja hewani, akacheka mpaka maji ya ndoo yakamwagika. Jioni jiwe lilikuwa ukutani, kando ya mlango, herufi zikitazama njia. Siku hizi akipita huliambia jiwe shikamoo kwanza, kisha mimi. Zakia, mtoto mgongoni, hucheka. Mimi naitikia zote mbili.