Lenzi Mpya na Picha ya Mama Nekesa

Nakumbuka alasiri moja ya Jumapili hapa hapa mtaani Umoja, mwanangu, na usingeniletea hizo picha zako leo, huenda ningeendelea kuinyamazia. Kaa basi, chai ipo. Nyumba hii siku hizi haina wa kunikatiza maneno, kwa hiyo utanivumilia nikizunguka kidogo.

Umeniambia, "Mzee, lenzi ni mpya kabisa, lakini watu wangu wote wanatoka ni kama wako ndani ya ukungu." Nimeziona. Nyeusi si nyeusi, nyeupe si nyeupe, na sura zimefifia kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Nilipocheka ulidhani nakucheka wewe, ukanuna. Nilikuwa najicheka mwenyewe.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mpiga picha wa kutembea. Jumapili watu wakitoka kanisani nawasimamisha kando ya ua, napiga, na Jumapili inayofuata nawapelekea picha mlangoni. Kamera yangu ilikuwa kuukuu, lakini mwaka huo nilijinyima hadi nikapata lenzi mpya. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Niliipenda lenzi ile kuliko nilivyowapenda wateja. Tena unatujua sisi wa mitaa hii: kochi likinunuliwa haliondolewi nailoni, na rimoti ya televisheni hufungwa karatasi ya plastiki hadi namba zake hazisomeki. Basi na mimi nikaitafutia lenzi yangu kioo cha kuikinga na vumbi, kile wanachokiita filta, nikakinunua kwa mchuuzi wa barabarani. Nikakifunga mbele ya lenzi na sikukitoa tena. Nikiona doa, nakifuta kwa upindo wa shati.

Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa Mama Nekesa, mke wa Baba Nekesa aliyefanya kazi reli. Mama huyo alikuwa na utani wa kumtoa nyoka pangoni. Jumapili hiyo akaniita.

"Kuja unipige hapa mlangoni kwangu. Nataka mamangu huko nyumbani aone nakaa wapi."

Alikuwa amejifunga kitambaa cheupe cha kanisa. Jua lilikuwa limeinama juu ya paa lake, likinipiga moja kwa moja kwenye kioo. Sikujali. Nilikuwa nimeinamia pete ya lenzi, naizungusha, nafurahia ilivyokuwa laini. Nikapiga picha moja tu.

Nilipompelekea, aliishika mbali na uso, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali tena. "Haki, huyu ni mimi ama ni moshi ya jiko?"

Nikawalaumu walioisafisha filamu. Nikalilaumu jua. Hata poda yake niliilaumu. Yeye alicheka tu, akasema nirudie. "Jumapili ijayo, mama," nikamwahidi.

Jumapili hiyo kukawa na ubatizo. Iliyofuata kukawa na harusi. Kila nikipita mlangoni kwake ananinyooshea kidole kunikumbusha, na mimi naitikia kwa kichwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, mwanangu, ila tumbo lililoumia halikuwa langu. Mama Nekesa alikwenda kwao magharibi kupanda mahindi, akashikwa na homa, na hakurudi.

Baba Nekesa alinijia asubuhi akiwa ameishika kofia yake ya kazi mkononi. "Kijana, nataka picha ya kuweka mbele ya jeneza. Ile ya kitambulisho alikuwa bado msichana. Ni hiyo yako tu iko."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikachukua negativu, ile filamu yenye picha yake, na kamera yangu, nikatembea hadi mtaa wa Mowlem kwa Mzee Musyoka, aliyekuwa na studio ndogo na chumba cha giza cha kusafishia picha. Hakuitazama negativu. Aliomba kamera kwanza. Akaiinua dirishani, akaifungua ile filta, akaipumulia, na mafuta ya vidole na ya shati langu yakaonekana yametanda kote.

"Lenzi yako ni mzuri," akasema. "Lakini umeifunga nailoni kama kiti ya wageni, halafu unaielekeza kwa jua. Mwangaza inagonga hii kioo chafu, inasambaa, inafunika mtu." Akanitazama. "Kijana, hii ulinunua ndio uichunge, ama ndio uone watu?"

Nikamkabidhi negativu. Tukaingia chumba cha giza. Akatafuta karatasi kali, ile inayotenganisha weusi na weupe kwa nguvu. Mbili za kwanza alizitupa. Ya tatu, ndani ya sinia la dawa, kitambaa kikatokea, kisha mlango, kisha mashavu yake. Nililia mbele ya yule mzee bila aibu. Lakini macho na mdomo vilibaki hafifu.

"Hapa ndio mwisho," akasema. "Kile filamu haikuona, mimi siwezi kuweka."

Baba Nekesa aliipokea kwa mikono miwili. Akaitazama muda mrefu. "Ni yeye. Asante." Kisha akauliza polepole, "Hapa alikuwa anacheka?"

Mwanangu, siku ile nilisimama hatua tatu tu mbele ya mama yule, na sikujua. Nilikuwa naitazama lenzi. Nikamjibu kwamba ndiyo, alikuwa anacheka. Hadi leo sijui kama nilimdanganya.

Sasa nami nimebaki peke yangu, na nyumba ikinyamaza swali lile hunirudia. Watoto wako mbali, hupiga simu wakipata nafasi. Picha ya marehemu mke wangu pale ukutani unaiona ilivyo safi, hata mshono wa kola unaonekana. Haniitikii nikimsalimia asubuhi. Lakini najua alikuwa anacheka, na najua alichokuwa anakichekea. Siku nyingine hilo hunitosha, siku nyingine halinitoshi.

Basi shika haya. Hicho kioo ninachokiona umekifunga mbele ya lenzi yako, kitoe. Kabla ya kupiga, angalia jua liko wapi. Msogeze mtu wako kivulini, au ikinge lenzi kwa kile kikofia chake cha kuzuia jua, na kama huna, kiganja chako kinatosha. Shati ni la kuvaa, si la kufutia lenzi. Hizo ulizokwisha kupiga, zirekebishe kwenye kompyuta: vuta weusi uwe mweusi tena, na nyingi zitapona, maana ukungu wako ni mwepesi kuliko wangu. Ila mchagua jembe si mkulima. Kitu kipya kitumie, usikilinde hadi kikakuzuia kumwona mtu uliyekinunua kwa ajili yake. Na ukiahidi kurudia, rudia kesho. Usingoje Jumapili.

Maliza chai uende, jua bado lipo. Mungu aibariki mikono yako, akupe watu wa kupiga picha na muda wa kuwarudia. Na siku mtu atakapokujia ameshika picha yako, akuulize kama mamake alikuwa anacheka, Mungu akujalie uwe ulimwona.